Karatasi ya Waigizaji ya Mtaa wa Rufiji: Fedha Zimepimwa Vizuri, Watu Bado

Duka dogo la filamu lililoko Mtaa wa Rufiji, kabla hujaingia kwenye msongamano wa Makoroboi, limeanza kuuza bidhaa ambayo sijaiona katika duka jingine lolote jijini Mwanza: karatasi ya orodha ya waigizaji wa filamu za Kimarekani, iliyopangwa si kwa umaarufu wala kwa ladha ya muuzaji, bali kwa mapato ya filamu zao katika majumba ya sinema, baada ya mapato hayo kugeuzwa yawe katika thamani ya dola ya sasa. Nakala ndogo inauzwa shilingi 2,000, na nakala kubwa imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta ili kila anayeingia aisome. Pamoja na karatasi hiyo kuna huduma ya vifurushi, ambapo mteja huja na flashi yake, hutaja jina la mwigizaji, na huwekewa filamu kumi za mwigizaji huyo kwa kufuata mpangilio wa karatasi. Nimeitumia karatasi na nimenunua vifurushi. Hesabu ya fedha iliyomo ni makini kuliko nilivyotarajia kwa bei ile, ila swali ambalo wateja wengi wanadhani limejibiwa, yaani ni mwigizaji yupi huwavuta watu kuingia ukumbini, limebaki pale pale.

Hoja ya kurekebisha mapato kwa mfumuko wa bei haihitaji shahada ya uchumi. Yeyote aliyelipa shilingi 100 kuingia kibanda umiza cha Kirumba enzi za deki na kanda, na leo analipa 500 au 1,000 katika kibanda chenye benchi zilezile, anajua kwamba mwenye kibanda hakupata watazamaji mara tano au mara kumi ya wale wa zamani. Hata hivyo kila baada ya muda tunatangaziwa kwamba filamu fulani imevunja rekodi ya mapato ya wakati wote, na waigizaji wake wanapandishwa cheo siku hiyohiyo, ilhali rekodi iliyovunjwa iliwekwa na watu waliolipa theluthi ya bei hiyo.

Karatasi inaeleza jambo hili kwa mfano mmoja uliochorwa kwenye kisanduku cha juu kulia, na mfano wenyewe umechaguliwa vizuri. Filamu ya E.T. ya mwaka 1982 ilikusanya takriban dola milioni 359 katika majumba ya Marekani na Kanada ilipotoka mara ya kwanza, wakati Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ilikusanya takriban milioni 858 katika nchi hizohizo. Ukitazama tarakimu hizo zilivyo, ya pili imeiacha ya kwanza kwa zaidi ya mara mbili. Lakini wastani wa bei ya tiketi nchini Marekani mwaka 1982 ulikuwa dola 2.94, na mwaka 2019 ulikuwa dola 9.16, na ukigawanya unapata tiketi zipatazo milioni 122 kwa E.T. na zipatazo milioni 94 kwa Endgame. Titanic ya mwaka 1997, iliyoingiza dola milioni 600 wakati tiketi ilikuwa haijafika dola 5, inazipita zote mbili, kwa kuwa yenyewe iliuza tiketi zaidi ya milioni 125.

Msomaji mwangalifu atauliza ni mfumuko upi uliotumika, kwa sababu zipo njia mbili na hazitoi jibu moja. Njia ya kwanza hutumia fahirisi ya bei za walaji, ile inayopima mkate, petroli, kodi ya nyumba na kila kitu kingine, na kwa njia hiyo dola milioni 359 za mwaka 1982 zinakuwa takriban milioni 950 za mwaka 2019. Njia ya pili hutumia bei ya tiketi yenyewe, na kwa sababu tiketi za sinema zilipanda kuliko bidhaa nyingine kwa wastani, fedha zilezile zinakuwa takriban milioni 1,119. Tofauti hiyo ya zaidi ya dola milioni 160 kwa filamu moja inatosha kumsogeza mwigizaji nafasi kadhaa juu au chini. Karatasi ya Mtaa wa Rufiji imechagua bei ya tiketi, na imeandika hivyo waziwazi chini kabisa, kwa mwandiko wa kalamu nyekundu: mapato, gawanya kwa bei ya tiketi ya mwaka ule, zidisha kwa bei ya tiketi ya sasa. Naunga mkono uchaguzi huo. Kinachotafutwa hapa ni vichwa vya watu waliokaa vitini, na bei ya tiketi iko karibu zaidi na vichwa kuliko bei ya mkate. Udhaifu wake ni kwamba wastani haujui nani aliketi wapi, kwani filamu kama Avatar ya mwaka 2009, ambayo watu wengi waliitazama kwa miwani ya pande tatu na kulipa zaidi kwa ajili ya miwani hiyo, huonekana kuwa na watazamaji wengi kuliko waliokuwepo, na filamu ya watoto, ambao hulipa pungufu ya watu wazima, huonekana kuwa na wachache.

Nilikaa na nakala ya ukutani kwa muda mrefu siku ambayo foleni ya flashi ilikuwa ndefu. Ina safu nne: jina, idadi ya filamu, mapato ya wakati ule, mapato ya sasa. Majina yamechapwa kwa kompyuta, lakini tarakimu za safu ya mwisho zimeandikwa kwa mkono, na mahali pawili zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya juu yake, jambo ambalo lilinipa imani kuliko kunitia shaka, kwa kuwa linaonyesha mwenye duka huwa anarudia hesabu zake. Nilipomuuliza aliyakokotoaje mapato ya Gone with the Wind, ya mwaka 1939, kijana huyo, ambaye huniamkia kwa shikamoo kabla sijavuka kizingiti, alitoa daftari la kaunta kubwa na kunionyesha kwamba hakuigawa jumla yote kwa bei ya mwaka mmoja.

“Mzee, hii ilirudishwa ukumbini mara nyingi,” alisema. “Ningegawa zote kwa senti 23 za mwaka ule, ningepata watu wengi kuliko Wamarekani wenyewe.”

Yuko sahihi kabisa. Filamu hiyo ya Clark Gable na Vivien Leigh ilirudi katika kumbi mwaka 1947, 1954, 1961, 1967, 1974, 1989 na 1998, na jumla ya mapato yake ya Marekani ni takriban dola milioni 200. Ukiigawa jumla hiyo kwa senti 23 unapata tiketi zaidi ya milioni 860 katika nchi ambayo mwaka 1940 ilikuwa na watu takriban milioni 132. Makadirio yanayokubalika yanakaribia tiketi milioni 200, na hicho ni kiasi ambacho filamu yoyote ya leo haikifikii hata kwa mbali. Kwa sababu hiyo Gable, ambaye vijana wengi wanaoingia dukani hawajawahi kumwona usoni, amekaa nafasi ya juu kuliko mastaa wengi wenye mabango mjini.

Ajabu ni kwamba mtego alioukwepa kwa filamu ya mwaka 1939 umemnasa kwa E.T. yenyewe. Katika kisanduku cha mfano ametumia dola milioni 359 za awamu ya kwanza, lakini katika mstari wa Drew Barrymore, aliyekuwa mtoto katika filamu hiyo, ametumia milioni 435, ambazo ni jumla pamoja na marudio ya mwaka 1985 na 2002, na zote amezigawa kwa dola 2.94. Matokeo yake ni tiketi milioni 148. Ukitenga kila awamu na bei yake, dola 3.55 kwa mwaka 1985 na dola 5.81 kwa mwaka 2002, unapata takriban milioni 140. Kosa la tiketi milioni 8 halibadilishi sura ya orodha, ila mtu anayeuza usahihi anapaswa kusahihisha mstari huo kabla ya kutoa toleo jingine. Kwa haki, niseme kwamba ameacha kumhesabia Harrison Ford filamu hiyo, ingawa Ford alipiga kipande kimoja akiwa mwalimu mkuu wa shule, kwa sababu kipande hicho kilikatwa na hakikuonekana ukumbini.

Jambo jingine ambalo karatasi imelifanya vizuri ni kukataa kugeuza fedha hizo kuwa shilingi, ingawa wateja, nilivyosikia mwenyewe, wanaliomba. Mwaka 1997 dola moja ilikuwa takriban shilingi 600, na mwaka 2019 ilikuwa takriban shilingi 2,300. Kila filamu ikigeuzwa kwa kiwango cha mwaka wake, Endgame itaonekana kuizidi Titanic zaidi ya mara tano, ilhali iliuza tiketi chache kuliko Titanic. Huo ungekuwa mfumuko juu ya mfumuko, na karatasi nzima ingeharibika.

Upande wa majina ndiko ninakotofautiana na mwenye duka. Kanuni yake ni kwamba kila mwigizaji aliyeonekana katika filamu anahesabiwa mapato yote ya filamu hiyo. Harrison Ford, Mark Hamill na Carrie Fisher wamepewa kila mmoja fedha zote za Star Wars ya mwaka 1977, zote za mwaka 1980, zote za mwaka 1983, na zote za mwaka 2015. Ukijumlisha safu ya mwisho kutoka juu hadi chini utapata fedha nyingi kuliko filamu hizo zilivyoingiza katika madirisha ya tiketi ya Marekani, kwa sababu dola moja imelipwa kwa watu watatu, wakati mwingine kwa kumi. Mwenye duka anajibu kwamba ndivyo orodha zote zinavyofanya, na anasema kweli, lakini wingi wa wanaofanya hivyo haukuifanya kanuni kuwa ya maana.

Tazama inavyofanya kazi kwa Samuel L. Jackson, ambaye kwa muda mrefu alitajwa kuwa mwigizaji mwenye filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko wote, na mwaka 2011 akaandikwa hivyo katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Hakuna anayebisha kipaji chake. Lakini katika Jurassic Park ya mwaka 1993 ni mtaalamu wa kompyuta anayetoweka kabla filamu haijaisha, na kinachoonekana baadaye ni mkono wake tu. Katika Iron Man ya mwaka 2008 anatokea baada ya majina yote ya watengenezaji kupita, wakati ambao katika vibanda vyetu taa zimeshawashwa na watu wako mlangoni. Katika Endgame anasimama kwenye msiba, hasemi neno, na kamera inapita. Kwa hizo sekunde chache karatasi inamwandikia dola milioni 858, sawasawa na Robert Downey Jr. aliyeibeba hadithi kuanzia mwanzo hadi mazikoni. Wazee wa kibanda umiza wangecheka. Kwao stelingi alijulikana tangu dakika ya tano, na hakuna aliyelipa kiingilio kwa ajili ya mtu anayepita nyuma ya dirisha.

Sauti nazo zina utata wake. James Earl Jones alimtia sauti Darth Vader, yule mwovu wa Star Wars, David Prowse akavaa vazi na kutembea, na mwaka 1977 jina la Jones halikuandikwa katika filamu kwa matakwa yake mwenyewe. Karatasi imempa Jones fedha zote na Prowse haimtaji. Nikauliza kwa nini. Jibu lilikuwa kwamba wateja hawamwulizii Prowse, nami nikaona kwamba hapo orodha imeacha kuwa hesabu na imekuwa soko.

Mstari ulionishughulisha kuliko mingine yote ni wa Lupita Nyong'o, na nadhani kila mtu wa ukanda huu wa ziwa atauangalia kabla ya mingine, maana ukoo wake uko ng'ambo kule Kisumu, ambako baba yake, Anyang' Nyong'o, amekuwa gavana. Duka limempa nafasi nzuri, na picha yake ni miongoni mwa chache zilizobandikwa pembeni ya orodha. Swali ni fedha hizo zimetoka wapi. Filamu iliyomwingizia tiketi nyingi kuliko zote ni Star Wars ya mwaka 2015, The Force Awakens, iliyokusanya takriban dola milioni 936 wakati wastani wa tiketi ulikuwa dola 8.43, sawa na tiketi zipatazo milioni 111. Katika filamu hiyo uso wake hauonekani hata mara moja, kwa kuwa aliigiza kiumbe kilichotengenezwa kwa kompyuta, na hata mashabiki wake wengi hapa Mwanza hawajui kwamba yumo. Inayofuata ni Black Panther ya mwaka 2018, dola milioni 700, takriban tiketi milioni 77, ambamo ni mmoja wa wahusika wakubwa lakini si stelingi. Kisha kuna Us ya mwaka 2019, ambayo aliibeba peke yake kwa kucheza wahusika wawili, mwanamke na kivuli chake, mmoja akizungumza kawaida na mwingine kwa sauti ya mtu aliyekabwa koo. Hiyo ilikusanya takriban dola milioni 175, sawa na tiketi zipatazo milioni 19. Na 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyompa tuzo ya Oscar, ilikusanya takriban milioni 57 nchini Marekani, yaani tiketi kama milioni 7.

Kwa kanuni ya karatasi hii, kwa hiyo, kadiri Lupita anavyoonekana kidogo ndivyo thamani yake inavyopanda, na kazi iliyomfanya ajulikane duniani iko chini sana ya hizo kubwa. Marekebisho ya mfumuko wa bei hayawezi kuponya ugonjwa huo, kwa sababu si ugonjwa wa fedha. Filamu za Us na Black Panther zimetofautiana mwaka mmoja tu, na bei ya tiketi karibu haikubadilika. Nilimwomba mwenye duka agawe kila mstari sehemu mbili, moja ya filamu ambazo jina la mwigizaji ndilo la kwanza au la pili katika bango, na nyingine ya filamu alizoshiriki tu. Aliniambia kazi hiyo ni ya miezi, na kwamba wateja wanataka jumla moja. Huenda. Lakini nilipomfanyia kwa mkono mistari michache pale kaunta, Tom Hanks karibu hakutetereka, kwa kuwa Forrest Gump ya mwaka 1994 na nyingine nyingi kubwa ni zake mwenyewe, na Jackson alishuka sana. Ford alibaki juu, maana ana Indiana Jones na The Fugitive, mbali na zile Star Wars zake. Jambo hilo peke yake lingemfanya mteja anunue karatasi ya pili.

Waigizaji wa zamani wamepata haki zaidi hapa kuliko katika orodha za kawaida, ingawa haki hiyo haijakamilika. Tarakimu nyingi zilizochapishwa kabla ya miaka ya 1970 hazikuwa mapato ya dirishani. Zilikuwa sehemu iliyorudi kwa msambazaji baada ya mwenye ukumbi kuchukua chake, na mara nyingi sehemu hiyo ilikuwa karibu nusu. Anayezichanganya na mapato kamili ya leo anawapunja wazee kwa nusu hata kabla hajagusa mfumuko wa bei. Katika mstari wa Shirley Temple, mtoto aliyeongoza kura ya wenye kumbi wa Marekani kuanzia mwaka 1935 hadi 1938, nina hakika mchanganyiko huo umetokea, kwa sababu tarakimu zake ni ndogo mno kwa mtu wa hadhi hiyo. John Wayne naye yuko chini ya nilivyotarajia. Kura hiyohiyo ya wenye kumbi ilimweka katika kumi bora mara 25, na hakuna mwingine aliyefikia hapo. Karatasi imemkumbuka kwa Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa hapa Tanganyika upande wa Arusha, na mwenye duka ameweka nyota ya bluu kando yake, lakini filamu nyingi za ng'ombe na bastola za miaka ya 1940 na 1950 hazimo kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kigawanyo kinachoweza kulirekebisha. Katikati ya miaka ya 1940 Wamarekani walikata tiketi kati ya milioni 80 na 90 kwa wiki, katika nchi yenye watu takriban milioni 140, kwa sababu televisheni ilikuwa haijaingia majumbani. Gable alishindana na redio na uchovu wa kazi. Downey alishindana na simu iliyo mfukoni mwa mtazamaji wake. Kwa upande mwingine Downey ana Wamarekani zaidi ya milioni 320 wa kuwauzia. Ukitaka kumpima mmoja dhidi ya mwingine kwa uadilifu, unaishia kuandika historia badala ya kujaza safu, na sidhani shilingi 2,000 zinadai hivyo.

Pengo lililonikera ni jingine. Orodha nzima imefungwa ndani ya Marekani na Kanada. Naelewa sababu ya kihesabu, kwa kuwa bei za tiketi za nchi hizo zimehifadhiwa mwaka hadi mwaka na za nchi nyingi nyingine hazijahifadhiwa hivyo, lakini duka liko Mwanza, na rafu ya kushoto, yenye wateja wengi kuliko zote, ni ya filamu za Kihindi. Amitabh Bachchan hayumo. Aamir Khan, ambaye Dangal yake ilijaza kumbi za China mwaka 2017, hayumo. Wachina wenyewe hawamo. Angeandika juu kwa herufi kubwa kwamba hii ni orodha ya madirisha ya Amerika Kaskazini, nisingelalamika. Sasa hivi kichwa chake kinasema waigizaji wa dunia.

Na wetu? Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Nyegezi, na alipofariki Aprili 2012 umati uliofurika kumzika Dar es Salaam haukuhitaji orodha ya mtu kuthibitisha ukubwa wake. Lakini filamu zake ziliuzwa kwa nakala za kwenye sahani madukani, hazikupita dirisha la tiketi, na kwa hiyo hakuna kitu cha kugawanya wala kuzidisha. Duka lina kasha la filamu za Kibongo za zamani, baadhi zikiwa bado na stempu za TRA zilizoanza kubandikwa mwaka 2013 kwenye kazi za filamu na muziki. Nikizishika hizo stempu naona kwamba zingeweza kuwa tiketi zetu, nakala moja, stempu moja, kama kuna mtu angekaa kuzihesabu kwa jina la mwigizaji. Mvuvi mmoja wa Ukara, aliyekuwa akisubiri flashi yake kabla ya kuwahi meli, alisikia mazungumzo yetu akaingilia.

“Shikamoo, baba. Sisi kule mwaloni hatuulizi kacheza nani,” alisema. “Tunauliza katafsiri nani.”

Hakukosea. Kambi nyingi za visiwani zilizilea filamu za Marekani na Hong Kong kwa sauti ya mfasiri anayesimulia juu yake, na jina kama la Lufufu liliuza nakala ambazo jina la Harrison Ford peke yake lisingeziuza. Mtazamaji huyo alilipa, alikaa, alicheka, na hayumo katika safu yoyote ya karatasi yoyote duniani.

Nirudi kwenye huduma yenyewe. Kifurushi cha filamu kumi ni shilingi 5,000, na mteja akileta flashi ndogo anapunguziwa filamu badala ya bei, jambo ambalo si sawa. Mwenye duka huikagua flashi kwa virusi kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta yake kuu, na huifungua filamu ya kwanza na ya mwisho mbele yako uone kwamba zinacheza. Filamu za rangi za miaka ya karibuni ni safi. Za zamani hazina uhakika: nakala yangu ya Ben-Hur ya mwaka 1959 ilikatwa pembeni ili ijaze kioo cha televisheni ya siku hizi, na mbio za magari ya farasi, ambazo ndizo sababu ya kuitafuta filamu hiyo, zilipoteza farasi wa kingo zote mbili. Nililirudisha tatizo hilo na nikabadilishiwa siku iliyofuata bila maneno. Kifurushi hufuata karatasi bila huruma, kwa hiyo ukiomba cha Jackson utapewa filamu ambazo utamtafuta ndani yake kwa tochi. Ukiomba cha Hanks, hutajuta.

Kuhusu hakimiliki sitajifanya sijaona. Filamu inayohamishwa kutoka kompyuta ya duka kwenda flashi ya mteja haimlipi mtayarishaji, awe wa Hollywood au wa Kinondoni, na kuna kejeli kidogo katika kuuza orodha ya mapato juu ya kaunta ambayo yenyewe haimwingizii mtu yeyote aliye katika orodha hiyo hata senti. Duka lina sahani halisi za kukodisha pia, shilingi 1,000 kwa siku mbili, na hizo ndizo ninazozipendekeza, hasa kwa kuwa Ben-Hur ya sahani ina farasi wote.

Karatasi inunuliwe na mwalimu wa hesabu anayetaka mfano wa mfumuko wa bei ambao wanafunzi hawatausinzia, na mwenye kibanda anayepanga filamu za wiki. Anayetaka kujua ni nani hasa anayejaza ukumbi asubiri toleo jipya, ambalo mwenye duka ameniahidi litakuwa na mstari wa E.T. uliosahihishwa na kichwa kinachotaja Marekani na Kanada. Kuhusu kumgawa Lupita sehemu mbili bado tunabishana, na ameniambia nikilitaka hilo nije na daftari langu mwenyewe Jumamosi mchana, baada ya foleni ya watu wa Ukerewe kuisha.